Deni la Msomi wa Ardhi

Oktoba iliyopita, katika harusi ya mtoto wa jirani yetu hapa Reading, alitujia binti mmoja ambaye tunamfahamu tangu akibebwa mgongoni. Akatuamkia, tukamwitikia, akavuta kiti. Sahani ya pilau anayo mkononi, lakini hali. Tukajua ana lake.

Kumbe amepata barua. Chuo kimoja cha huku Uingereza kimempa ufadhili wa miaka mitatu na nusu asomee shahada ya uzamivu katika kilimo ikolojia, na utafiti wake utafanyika Tanzania, kwenye ardhi zilizokuwa zimechakaa na sasa zinaota tena. Tukampongeza. Yeye hakuonekana kufurahi sana.

"Wajomba," akasema, "ninyi mmeipita njia hii. Nikimaliza, mimi nitaitwa Daktari. Sasa wale watakaoniketisha chini na kunieleza habari za ardhi yao, wao wataitwaje?"

Tukacheka, kama wachekavyo watu wazima wanapoulizwa jambo wasilo na jibu lake. Mmoja wetu akamwambia, "Kula kwanza, mwanetu, pilau inapoa." Lakini usiku ule tulirudi nyumbani ndani ya gari moja bila kusemezana, maana swali lile kila mmoja wetu alikuwa amelificha mahali pake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sisi tunaoandika haya ni wawili. Mmoja mzaliwa wa Mwanza, mwingine wa Tanga. Tulikutana Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kisha tukaja huku kwa masomo ya juu na, kama wengi wenu mnaosoma ukurasa huu, tulikuja kwa miaka mitatu na bado tupo. Mmoja anashughulika na udongo, mwingine na majani na miti. Mishahara yetu, nyumba tunazolipia kila mwezi, karo za watoto, vyote vimetokana na ardhi ya watu wengine iliyougua ikapona, au iliyosemekana imepona. Kwa hiyo swali la binti halikuwa la nadharia kwetu. Lilikuwa kama mtu aliyekuja kudai.

Tuanze na Shinyanga, maana ndiko tulikotoka na vyeo vyetu.

Agosti 1998 tulikuwa katika kijiji kimoja cha mkoa huo, na Land Rover ya kukodi, mifuko ya plastiki mia tatu ya kutilia sampuli za udongo, dira, kamba ya kupimia ya mita 50, na dodoso la maswali 64 lililoandikwa kwa Kiingereza na kufasiriwa kwa Kiswahili usiku wa kuamkia safari. Mvua za El Niño za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeacha makorongo mapya kila upande. Tulikuwa pia na chombo cha GPS, na tulijiona watu wa maana kukining'iniza shingoni, ila siku zile Marekani ilikuwa bado inayavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti yanayotumiwa na raia, hata chombo kikaweza kukosea mita mia. Uvurugaji ule uliondolewa Mei 2000. Basi tukapima kwa miguu.

Mzee aliyetupokea alikuwa na miaka sabini na ushei. Mwenzetu wa Mwanza akamwamkia "Mwangaluka", mzee akafurahi, na tangu hapo akatuita wanangu, hata yule wa Tanga ambaye Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu hiyo moja. Kwa siku tatu alitutembeza katika ngitili yake.

Kwa wasiojua, ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii. Majani yanakua, yanakomaa, yanakauka yakiwa yamesimama, na kiangazi kikishika ndipo ndama na ng'ombe dhaifu wanafunguliwa. Na kwa kuwa chini ya udongo visiki na mizizi ya miti iliyokatwa zamani bado ni hai, ardhi ikipumzishwa miti nayo huchipua yenyewe bila mtu kupanda mche. Kuna ngitili za familia, hekta moja mbili tatu, na kuna za kijiji. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hushitakiwa mbele ya dagashida, yaani mkutano wa jamii, na kutozwa faini kwa mila.

Mzee alitueleza jinsi baba yake alivyoitwa, enzi za Mwingereza, kwenda kukata pori ili mbung'o wakose makazi. Alitueleza Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, walipohamishwa na kuacha ngitili zao nyuma bila wenyewe, na jinsi pamba na mifugo vilivyomaliza kilichobaki, mpaka akina mama wakawa wanapikia kinyesi cha ng'ombe kikavu kwa kukosa kuni. Katikati ya miaka ya 1980 mkoa wao ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Ndipo mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walikuja na miche na vitalu. Baadaye, na hapa ndipo sifa yao ya kweli ilipo, waliwauliza wenyeji walikuwa wakifanyaje zamani. Wakajibiwa: ngitili. Mwaka 1986 zilihesabiwa hekta zipatazo 600 tu za ngitili katika mkoa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Habari hiyo imezunguka dunia nzima. Imeandikwa na kuandikwa tena, nasi tumo miongoni mwa walioiandika. Lakini tazama jambo moja. Aliyeongoza vita vya mbung'o Tanganyika alikuwa mwanasayansi hodari, Charles Swynnerton, aliyefia katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o mmoja kati ya wale wa nchi yetu anaitwa kwa jina lake mpaka leo katika vitabu vya sayansi, *Glossina swynnertoni*. Mdudu ana jina la msomi. Maelfu waliokata pori lile kwa shoka, akiwemo baba wa mzee wetu, hawamo katika jina la mti wala la jani. Hatusemi Swynnerton aliiba kitu. Tunasema tu kwamba ndivyo mambo yanavyojipanga yenyewe usipoyaangalia, na kwamba pori lililokatwa kwa ushauri wa elimu ya wakati ule ni sehemu ya jangwa lililokuja kuponywa na elimu ya wakati uliofuata. Msomi alilipwa mara zote mbili.

Kondoa ni kisa kigumu zaidi, na hutuumiza kila tukikifundisha darasani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Waswidi. Milima ya Irangi ilikuwa imekatika makorongo ya kutisha. Picha zake zilikuwa zikioneshwa kama mfano wa dhambi ya mfugaji. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wapatao 85,000 wakatolewa. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, makorongo mengi yakaanza kutulia. Ukisimama kule leo huwezi kubisha kwamba ardhi ilipata nafuu. Lakini watu waliamka asubuhi hawana maziwa wala samadi, na mifugo imepelekwa kwa ndugu wa mbali au imeuzwa kwa bei ya kutupa. Miaka kumi hivi ikapita kabla ya kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa kulishwa zizini.

Kisha, baada ya yote hayo, wataalamu wa udongo walipoupima umri wa mchanga uliotuama chini ya vilima vile, walikuta kwamba mmomonyoko mwingine wa kule ni wa maelfu ya miaka, tangu kabla hajazaliwa mfugaji yeyote wa kulaumiwa. Kidogo sana cha utafiti huo, kama kipo, kiliwafikia wazee waliotolewa ng'ombe wao. Umechapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya kitaaluma. Mtu alihukumiwa kwa Kiswahili, hati ya kumpunguzia lawama ikaandikwa kwa lugha asiyoijua na kuwekwa kwenye kabati la Ulaya. Tulipomweleza binti kisa hiki baadaye, alinyamaza, kisha akasema, "Basi hata kuombwa radhi hawakuombwa."

Hapo ndipo penye swali lenyewe. Mtu akikupa elimu yake ya ardhi, amekupa nini hasa?

Sisi wawili hatukubaliani. Mwenzetu wa Tanga, aliyelelewa chuoni kwa ustadhi kabla ya kujua shule, anasema ni amana. Ulichokabidhiwa si chako. Ukikitumia bila idhini umekosa, na siku mwenyewe akikidai lazima ukirudishe kama kilivyokuwa. Mwenzetu wa Mwanza anasema amana haifai kwa mfano huu, kwa kuwa elimu si sanduku la dhahabu. Mzee hakupungukiwa kitu alipotueleza habari za ngitili. Alibaki nayo yote kichwani. Utamrudishia nini, wakati anacho tayari? Yeye anapendelea desturi ya wafugaji wa kwao. Mtu mwenye ng'ombe wengi humkabidhi mwenzake ng'ombe mmoja amchunge. Maziwa ni ya mchungaji, anywe na wanawe. Samadi ni yake, atie shambani. Hakuna atakayemlaumu kwa kunenepa. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa mchungaji hupeleka ngozi na habari ya jinsi alivyokufa.

Tumeuchukua mfano huu wa pili, na tunaona unatufaa zaidi wasomi kwa sababu hautuambii tufe njaa. Shahada ni maziwa. Mshahara ni maziwa. Tumekunywa, alhamdulillahi. Kilichobaki ni kuulizana ndama ni nini, na yuko wapi.

Yapo majibu ya kujitetea, nasi tumeyatumia yote. La kwanza ni la Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso aliyefariki mwaka 2023. Yeye aliyafufua mashimo ya zai, mashimo madogo yanayochimbwa kiangazi katika ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama saruji. Akatia samadi ndani yake, mchwa wakaja, wakaitoboa ardhi, maji ya mvua yakapata pa kuingia. Kijijini kwake Gourga alioteshea msitu mahali palipokuwa patupu. Hakumdai mtu chochote. Aliwaita wakulima wenzake kwenye siku za soko nyumbani kwake, wakabadilishana mbegu na maarifa. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Basi, anasema mtetezi, kama mkulima mwenyewe anatoa bure, msomi anadaiwa nini? Lakini Sawadogo aliwapa watu waliokuja kwake na kurudi makwao na mbegu mfukoni, na mwakani wakaja kumwambia zimeota au hazikuota. Habari ilikwenda na kurudi. Yetu ilikwenda tu.

La pili ni kwamba Kiingereza kinaipeleka elimu mbali. Ni kweli. Mtu wa Niger au Uhindi hawezi kunufaika na ngitili kama habari yake imebaki Kisukuma. Hatuna ubishi hapo, ila hakuna aliyetukataza kuandika mara mbili. Kilichotukataza ni hesabu ya vyeo. Katika vyuo tulivyofanyia kazi, makala ya kurasa 14 katika jarida linalotambulika huhesabiwa, na kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya wanakijiji hakihesabiwi. Mkutano chini ya mbuyu hauna nukta hata moja katika fomu ya kupandishwa daraja. Mmoja wetu aliwahi kuuandika mkutano wa namna hiyo kwenye fomu yake, na mkubwa wake, mtu mwema tu, akamshauri aufute usije ukaonekana wa kujazia nafasi. Akaufuta.

Sasa turudi kijijini, kwa sababu tumekuwa tukizunguka.

Siku ya tatu ya kazi yetu ya 1998, mzee alituongoza kwenye mpaka wa ngitili yake, akipita mti kwa mti, nasi tukivuta kamba na kuandika kwa wino wa bluu kwenye daftari. Kesho yake jirani yake naye alituongoza kwenye mpaka wake, tukaandika kwa penseli kwa kuwa wino ulikuwa umekwisha. Usiku, kwenye taa ya chemli, tukaona kwamba mistari miwili haikutani. Kulikuwa na ukanda wa mita arobaini hivi ambao kila mmoja aliutaja kuwa wake. Hatukushangaa sana, wazee wale walikuwa wakisalimiana kila asubuhi na kuuacha ukanda ule ulivyo, majani ya wote.

Tulipoondoka tuliwaachia sukari kilo mbili na sabuni. Mzee akauliza, "Mtarudi kutuambia mlichokiona?" Tukasema, "Tutarudi, mzee." Tulilisema kama mtu anavyosema tutaonana.

Huku Uingereza kamati ya maadili ya chuo ilitaka majina ya watu yafichwe, na hilo ni jambo jema, limewekwa ili watu wasidhurike. Mzee akawa Kaya Namba 17. Jirani akawa Kaya Namba 16. Kisha ramani ikawa lazima iingizwe kwenye kompyuta, na programu ile haikukubali ukanda usio na mwenyewe wala mwenye wawili. Ilitaka kila eneo lifungwe kwa mstari mmoja. Jioni moja ya Februari, mvua inanyesha dirishani, mmoja wetu (tunalificha jina lake kwa sababu bado tunaishi vizuri) alichukua kalamu nyekundu, akapitisha mstari katikati ya ule wa bluu na ule wa penseli, akaingiza namba, akaenda kununua chakula. Ramani ikatoka safi. Wasahihishaji wa tasnifu waliisifu.

Tulirudi mwaka 2011. Tusiseme uongo, hatukumrudia mzee; tulikuwa na mkutano Mwanza, siku moja ikabaki, tukakodi gari. Mzee alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Akatupokea mwanawe, mtu wa makamo, akatukaribisha vizuri, tukapewa viti na maziwa ya mgando. Baada ya pole na dua akasema, "Baba alikuwa akituambia kuna karatasi. Wasomi waliupima mpaka, wakaandika. Tuliitafuta karatasi ile, wazee wangu, tukaikosa."

Tukamwuliza kulikoni. Jirani naye alifariki, na wanawe walihitaji shamba. Wakalima ule ukanda, kisha wakaendelea mbele, hadi wakaimega nusu ya ngitili. Miti ikakatwa ikachomwa mkaa. Shauri likaenda Baraza la Ardhi la Kijiji, likapanda hadi la kata. Huko kila upande ukaulizwa una ushahidi gani. Wazee waliojua mpaka walikuwa wamekwisha kufa. Karatasi hakuna. Nusu ikaenda.

Ndugu wasomaji, ramani ile ilikuwa ndani ya kompyuta iliyokuwa kwenye begi, na begi lilikuwa limeegemea mguu wa kiti tulichokalia. Ukurasa wa 231, Kiambatisho C, Kaya Namba 17. Tulinyamaza wote wawili. Kila mmoja alinyamaza kwa sababu yake, na tulikuja kuambiana njiani.

Mmoja alinyamaza kwa aibu tu. Miaka yote hiyo kitu kiko rafu ya maktaba ya Uingereza, na hapa mtu amepoteza nusu ya urithi wake kwa kukosa karatasi moja. Mwingine alinyamaza kwa hofu, maana alijua mstari ule ni mwekundu. Tungeitoa ramani yenye muhuri wa chuo kikuu cha Uingereza, baraza lingeiamini kuliko mwanadamu yeyote wa pale. Na ingekuwa ni ushahidi wa jambo ambalo hakuna mzee aliyelisema. Mzee hakutuonesha mstari ule, wala jirani. Tuliuchora sisi, mbali sana na pale, kwa ajili ya programu.

Huyo ndiye ndama wetu, basi, na tulimwona ana miguu mitatu. Tulikuwa tukidhani deni la msomi ni kurudisha matokeo. Kumbe matokeo yenyewe mengine si ya kurudishwa jinsi yalivyo. Tungeyarudisha yamepambwa tungekuwa tumewaongezea wenyeji ugomvi wa tatu, wa kwetu.

Tulibishana juu ya hili kwa miezi. Kulikuwa na ahadi ya siri pia: Kaya Namba 16 nao walituambia mambo yao kwa kuamini kwamba hayatatoka. Je, waliotuamini wakifa, siri inakufa nao au inarithiwa? Mwenzetu wa Tanga akasema siri ya maiti ni nzito kuliko ya aliye hai, kwa sababu hawezi kukuruhusu. Mwenzetu wa Mwanza akasema mpaka wa ardhi haujawahi kuwa siri. Ni jambo linalotembelewa mchana kweupe mbele ya watoto, na sisi ndio tulioligeuza siri kwa kulipa namba. Hapo tunakiri kwamba wa Mwanza alishinda, ingawa wa Tanga bado hajaridhika mpaka tunapoandika haya.

Mwaka 2012 tulifanya hivi. Tulitoa nakala za kurasa za daftari lenyewe, si za tasnifu: mstari wa bluu na mstari wa penseli, miti iliyotajwa, hatua zilizohesabiwa. Tukaandika barua ya Kiswahili kueleza nani alionesha nini siku gani, na kwamba mstari mwekundu ulioko kwenye kitabu chetu ni wa kwetu na usifuatwe. Nakala moja kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa kila familia, siku moja, ili asiwepo wa kuipata kwanza. Barua ile ilituchukua muda kuliko makala nyingi tulizochapisha. Kulikuwa na maneno ya fani yetu ambayo hatukuwahi kuyasema kwa Kiswahili hata mara moja, baada ya miaka yote ya kuishi kwa kuyasema.

Msitarajie hadithi tamu. Nusu haikurudi. Wana wa jirani walikasirika, wakasema tumechelewa na tumeingilia. Mwana wa mzee alitupigia simu, na neno lake la kwanza halikuwa asante. Alisema tumekosea. Pale tulipoandika mkuyu si mkuyu, ni mkwaju. Baba alipita kwenye mkwaju, kisiki chake kipo hadi leo na kinachipua. Mtaalamu wetu wa miti aliipokea simu ile akiwa amesimama, akakaa. Mti ule umo katika jedwali la tasnifu yake, na katika makala mbili, kwa jina lisilo lake.

Tunayaandika haya sasa kwa sababu mambo yanazidi kuwa makubwa. Mwaka 2015 nchi za Afrika zilianzisha mpango wa AFR100 wa kurejesha uoto katika hekta milioni 100 ifikapo 2030; Tanzania iliahidi hekta milioni 5.2. Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kuhuisha mifumo ya asili. Fedha zipo, ufadhili upo, na wapo wanaonunua hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti, ambao kila wanachokihitaji huanza na ramani yenye mistari iliyofungwa. Vijana wetu wengi, huku ughaibuni na nyumbani, watapata shahada kutokana na haya, na sisi hatuwezi kuwaambia wasizichukue. Tutakuwa tumekunywa maziwa kisha tunawakataza wenzetu kuchunga.

Binti alikuja nyumbani Januari, baada ya kukubali nafasi. Safari hii alikula. Alikuwa na orodha ya maswali: ahadi aiandike vipi kwenye fomu ya ridhaa, majina afiche au aulize kwanza nani anataka kufichwa, na aombe fedha za safari ya kurudi tangu mwanzo kabla bajeti haijafungwa. Hilo la mwisho hatukuwahi kulifikiria. Kisha akaomba kuliona daftari. Tukalitoa kabatini, lina madoa ya chai na vumbi la Shinyanga bado kwenye mshono. Akafungua kurasa zile, akafuata mstari wa bluu kwa kidole, akafuata wa penseli ambao sasa umefifia. Akafika kwenye mwekundu.

"Na huu," akasema, "alioneshea nani?"

Tukamwambia.